Januari 2038 na pesa za wazee: kazi ya kufanywa sasa

Mtoto aliyezaliwa tarehe 20 Januari 2020 atatimiza miaka 18 tarehe 20 Januari 2038. Kwa mlezi wake pale Kizingitini, Lamu, hiyo ni siku ya kushukuru. Kwa mfumo wa kompyuta unaohifadhi tarehe kwa nambari ya biti 32 (yaani tarakimu 32 za 0 na 1), siku hiyo haipo. Ukiuambia mfumo wa namna hiyo uandike ni lini mtoto atatoka kwenye orodha ya malipo, utakataa kumsajili, au utaandika sifuri, au (na hili ndilo baya kuliko yote) utaandika tarehe ya mwaka 1901 na kumhesabu kuwa alishatoka zamani. Mtoto mwenyewe ameshazaliwa na anasoma. Anayesema 2038 bado iko mbali anatazama kalenda ya ukutani. Data yake imeshafika huko.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mifumo yenye asili ya Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa za UTC. Nambari ya biti 32 inayoweza kuwa chanya au hasi mwisho wake ni 2,147,483,647. Sekunde hiyo inaangukia Jumanne, 19 Januari 2038, 03:14:07 UTC, ambayo kwetu ni 06:14:07 asubuhi. Sekunde inayofuata nambari inapinduka kuwa hasi 2,147,483,648, yaani 13 Desemba 1901.

Kwenye mpango wa kazi andika "06:14, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi", vyote viwili. Ukiandika 12:14 kwa kufuata saa zetu, yule wa seva ataipanga kazi saa sita mchana na wewe utakuwa umekaa ofisini tangu alfajiri.

Nachukua Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwalipa wazee, yatima na wenye ulemavu mkubwa, kama mfano kwa sababu masharti yake karibu yote ni tarehe. Mzee anaingia akitimiza miaka 70. Mtoto yatima au anayeishi katika hali ngumu anahesabiwa mpaka 18. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi yamekuwa yakija ya miezi miwili pamoja, 4,000. Kundi la tatu, la watu wenye ulemavu mkubwa, halifuati umri, lakini nalo lina tarehe za kusajiliwa na za kuhakikiwa upya. Kosa la tarehe kwenye mfumo wa duka huharibu risiti. Kwenye mfumo wa malipo ya jamii humtoa bibi wa Siyu orodhani, na kumrudisha ni barua, chifu, boti na kusubiri.

Marekani walishapita njia hii. Shirika lao la Hifadhi ya Jamii, SSA, lilianza kazi ya mwaka 2000, yaani kurekebisha programu zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili, mapema sana, mwaka 1989. Halikuanza kwa sababu ya kuona mbali. Programu ya kupanga ratiba ya kurejesha pesa walizolipwa watu kupita kiasi ilianza kuhesabu awamu zinazovuka 1999, ikashindwa. Yaani ni yule yule mtoto wetu wa 2020: rekodi ya kwanza inayotazama mbele ndiyo inayopiga kengele, miaka 11 kabla ya siku yenyewe. Walikuwa na zaidi ya mistari milioni 30 ya programu, mingi ya COBOL (lugha ya zamani ya kompyuta), na watu karibu milioni 50 wa kulipwa. Tarehe 28 Desemba 1998 Rais Clinton alitangaza kwamba mfumo uko tayari, mwaka mzima kabla ya muda.

Lakini katika kazi yao, sehemu ya kusoma mara mbili ni mipaka. SSA haikuwa ikitoa pesa kwa mkono wake. Iliandaa orodha, kisha Wizara ya Fedha ndiyo iliyotuma hundi na kuingiza pesa benki, kwa hiyo SSA kuwa tayari peke yake hakukumfikishia mzee hata senti. Tena maamuzi ya ulemavu yalifanywa na ofisi za majimbo zenye kompyuta zake, na mwaka 1997 wakaguzi wa Bunge, GAO, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya mifumo hiyo ya majimbo haikuwa imeingizwa kwenye tathmini. Kila mmoja alikuwa amekagua chumba chake, mlangoni hakuna aliyesimama.

Basi orodha yako ya kwanza isiwe ya seva. Iwe ya faili: kila faili inayoingia na kila inayotoka, nani anaituma, tarehe ndani yake imeandikwaje, na nani wa kupigiwa simu ikikataliwa. Orodha ya malipo inakwenda benki au kwenye pesa za simu. Uhakiki wa kitambulisho unatoka kwenye daftari la taifa. Majina mapya yanatoka mashinani, kwa chifu na wazee wa mtaa, mara nyingi kwenye faili ya Excel iliyotumwa kwa WhatsApp. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika kwenye michoro mizuri ya ofisi kuu, na ndiyo yenye tarehe chafu kuliko zote.

Nianze na hiyo, maana itauma kabla ya 2038. Karani akiandika mwaka kwa tarakimu mbili, programu hubahatisha karne, na kila programu hubahatisha kwa kanuni yake. Excel, kwa mpangilio wake wa kawaida wa miaka mingi, huchukua 00 hadi 29 kuwa 2000 na kitu, na 30 hadi 99 kuwa 1900 na kitu. Hifadhidata ya Oracle ikitumia muundo wa tarehe uitwao RR hukata kwenye 50. Python na lugha nyingine zinazofuata kanuni ya POSIX hukata kwenye 69. Sasa mchukue mzee aliyezaliwa mwaka 48. Excel inasema 1948, Oracle inasema 2048, Python inasema 2048. Wa mwaka 55 ni 1955 kwa Excel na Oracle, lakini kwa Python hajazaliwa. Faili moja ikipita kwenye programu tatu kabla ya kufika kwenye malipo, mzee mmoja anaweza kuwa na umri wa aina mbili njiani. Na mtoto ambaye mwisho wake ni mwaka 31, Excel itamwandikia 1931.

Dawa haina ujanja. Fomu ikatae mwaka wa tarakimu mbili. Safu ya tarehe kwenye Excel igeuzwe kuwa maandishi kabla ya kuandikwa chochote, na tarehe iandikwe 1948-03-12, mwaka kwanza, kwani muundo huo hauchanganyi siku na mwezi hata kompyuta ikiwa imewekwa kwa desturi ya Marekani. Wenye haraka watakwambia uweke dirisha la karne tu, yaani mwaka wa kukatia kati ya 1900 na 2000, na uendelee. Walifanya hivyo mwaka 1999 pia. Waliokata kwenye 20 walipata hitilafu zile zile Januari 2020. Dirisha ni mkopo, na mkopo una siku ya kulipwa.

Sasa tuingie kwenye hifadhidata. Kwenye MySQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, safu ya aina ya TIMESTAMP mwisho wake ni sekunde ile ile ya 19 Januari 2038, hata seva ikiwa ya biti 64 na mpya kutoka kiwandani. Watu wengi hudhani kununua mashine mpya kunamaliza kazi. Hakumalizi. Toleo la 8.0.28 liliongeza uwezo wa kazi kama UNIX_TIMESTAMP() kuvuka 2038, lakini aina ya safu ilibaki na ukuta wake. DATETIME inafika mwaka 9999. PostgreSQL, hifadhidata nyingine, haina tatizo hili kwenye tarehe zake, ila mtu akigeuza wakati kuwa nambari ya kawaida ya biti 32 amejirudisha pale pale.

Kuzisaka safu zenye ukuta:

SELECT table_name, column_name FROM information_schema.columns WHERE data_type = 'timestamp';

Kisha rudia kwa data_type = 'int' (nambari nzima) ukitazama majina yanayofanana na tarehe: created, expiry, dob, mwisho, exit. Hapa usiamini majina peke yake. Chukua thamani kumi za kila safu ya nambari. Zikianza na 15, 16 au 17 na kuwa na tarakimu kumi, hizo ni sekunde.

Hapo ndipo pana mtego ambao kwa mfumo wa wazee ni mbaya kuliko 2038 yenyewe. Fundi akiona safu ya INT inaishia 2038, dawa ya haraka anayoijua ni kuifanya UNSIGNED, yaani isiyokubali hasi, na papo hapo inafika Februari 2106. Kwa safu ya tarehe ya malipo ni sawa. Kwa safu ya tarehe ya kuzaliwa ni balaa, kwa sababu kila aliyezaliwa kabla ya 1970 sekunde zake ni hasi. Kila mzee wa miaka 70 leo yuko upande wa hasi. Ukizuia hasi, hifadhidata iliyolegezwa masharti itawapa wote sifuri, na wote watakuwa wamezaliwa 1 Januari 1970. Halafu mfumo utawatoa kwa kutofikisha umri. Hata bila UNSIGNED, MySQL ikipewa nambari hasi kwenye FROM_UNIXTIME() hurudisha NULL (yaani nafasi tupu), na safu ya TIMESTAMP haikubali chochote cha kabla ya 1970. Tarehe ya kuzaliwa haina saa wala dakika. Iwekwe kwenye DATE, siku tupu.

Kuna sababu nyingine ya kuiweka siku tupu, na hii ni ya Kenya hasa. Saa za Afrika Mashariki hazikuwa UTC+3 siku zote. Kuna miaka ya ukoloni zilipokuwa +2:30, na mingine +2:45. Hifadhidata ya tz, orodha ya saa za kila eneo la dunia inayotumiwa na Linux, Java, PHP na wenzao, ina historia hiyo. Matoleo yake ya zamani yaliweka +2:45 mpaka mwisho wa 1959. Matoleo mapya yamesahihisha: +2:45 iliisha Julai 1942. Mchukue mzee ambaye kitambulisho chake kinasema 1 Januari 1950, siku ambayo wengi huandikiwa kwa kutojua siku yao kamili. Seva mpya inaihifadhi saa sita usiku kwa +3, yaani saa 21:00 UTC ya siku iliyotangulia. Kompyuta yenye tz ya zamani ikiisoma kwa +2:45 inapata 23:45 ya tarehe 31 Desemba 1949. Ikichapisha siku peke yake, mwaka umebadilika. Ukilinganisha na daftari la vitambulisho, hazifanani, na malipo yanasimama kwa ajili ya "uhakiki". Dakika kumi na tano tu zimemfanya mtu aonekane mdanganyifu.

Kwenye kubadilisha safu, usiguse ya zamani. Ongeza safu mpya ya DATETIME kando yake, nakili, linganisha, halafu elekeza programu kwenye mpya. Kabla ya kunakili weka SET time_zone = '+03:00' kwenye kikao chako (muunganisho wako na hifadhidata), au '+00:00' kama mmeamua kuhifadhi UTC; MySQL hugeuza TIMESTAMP kwa kufuata saa za kikao, na fundi aliyeunganishwa kutoka mashine yenye saa nyingine atahamisha rekodi zote kwa saa tatu bila onyo lolote. Tarehe zilizowekwa saa sita usiku zitarudi siku moja nyuma. Linganisha kwa hesabu: idadi ya mistari, tarehe ndogo kabisa, kubwa kabisa, na idadi ya NULL kabla na baada. Idadi ya NULL ikiongezeka hata kwa moja, simama.

Kwenye mfumo wa uendeshaji kazi ni ndogo zaidi. Linux ya biti 64 haina shida. Kwa mashine za biti 32, kernel (kiini cha Linux) 5.6 ya mwaka 2020 na glibc (maktaba yake ya msingi) 2.34 ya 2021 ndizo zilizoleta njia ya kuvuka, lakini programu lazima ijengwe upya. Kusasisha tu hakutoshi. Diski za muundo wa ext4 zenye inodi (rekodi za maelezo ya kila faili) za baiti 128 zinaishia 2038 pia. Amri ya tune2fs -l itakuonyesha, unataka 256. Vishikwambi vya Android vya biti 32 vinavyosomea alama za vidole havitaishi mpaka 2038, ila vikipewa kazi ya kuhesabu siku ya mtoto kutimiza 18 vinaweza kukosea leo. Hesabu hiyo ifanyike kwenye seva.

Vishikwambi vina shida nyingine ya kila siku: betri ikiisha kabisa, vingine huamka na tarehe ya zamani, na cheti cha usalama cha seva kinaonekana hakijaanza kutumika. Karani aliye Kiunga anaona "hakuna mtandao" na mtandao upo. Afundishwe kutazama tarehe kabla ya kupiga simu. Na vyeti hivyo vina foleni yao Januari 2038: cheti mama (kinachothibitisha vyeti vingine) cha DigiCert Global Root G2 kinaisha tarehe 15, cha Amazon Root CA 1 tarehe 17, cha USERTrust RSA tarehe 18. Programu ya malipo iliyogandishiwa orodha ya vyeti ndani yake itakwama siku chache kabla, na watu watalaumu sekunde ambayo haijafika.

Majaribio yafanyike kwenye mashine iliyotengwa kabisa na mtandao wa malipo. Sababu ya kutenga ni hii: ukiisogeza saa mbele, kazi za usiku za kufuta nakala rudufu za siku 90 zitaona kila kitu ni kizee na kukifuta, nywila zitaisha muda, na leseni zitajifunga. Kwa programu moja moja libfaketime, inayoidanganya programu kuhusu saa, inatosha:

faketime '2038-01-19 06:13:50' ./andaa_malipo

Iache ivuke dakika ya 14. Kisha rudia kwa tarehe 29 Februari 2028, 31 Desemba 2029 kuvuka kwenda 2030, na 7 Februari 2036 saa 09:28:16 asubuhi, ambapo hesabu ya NTP, ile inayolinganisha saa za kompyuta, inaanza upya. Watu wa majaribio wawe na umbo la watu wetu: mtoto wa 18 Januari 2020, mtoto wa 20 Januari 2020, mzee wa 1 Januari 1950, mzee wa 31 Desemba 1941, mtu mwenye mwaka tu bila siku, na marehemu aliyefariki katikati ya mzunguko.

Kipimo kikubwa ni kulipa mara mbili kwenye karatasi. Orodha ile ile ipite mfumo wa zamani na mpya kwa mizunguko mitatu mfululizo. Watu 500 kwa 4,000 ni 2,000,000. Mifumo yote miwili ifike hapo kwa shilingi, na si jumla tu, bali jina kwa jina, kwa sababu mmoja aliyetolewa na mwingine aliyelipwa mara mbili hufutana kwenye jumla. Halafu faili ya majaribio ipelekwe kwa mlipaji na irudi na jibu lake. Faili ambayo benki haijaipokea haijajaribiwa.

Kwa Lamu, mpango wa dharura unategemea bahari. Kwa hesabu ya falaki, Idi ya kuchinja ya 1459 inaangukia karibu na 16 Januari 2038, kutegemea mwezi. Maana yake watu watataka pesa kabla ya Idi, na tarehe 19 nusu ya ofisi iko likizo. Mzunguko wa Januari ulipwe mapema, ukamilike kabla ya tarehe 10, na mabadiliko yote ya programu yafungwe tangu Novemba. Orodha ya karatasi ichapishwe kwa kata, nakala mbili, moja Mokowe na moja Faza, ndani ya kabati lenye kufuli, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu karatasi kama inavyohusu kompyuta. Iwe na jina, nambari ya kitambulisho, kiasi, na mara ya mwisho kulipwa. Tarehe ya kuzaliwa haihitajiki kumlipa mtu, isichapishwe. Ya Kiunga itangulie kwa boti mapema. Januari ni kaskazi, na kwenda kule ni kupanda upepo.

Asubuhi ya tarehe 19 watu wawili wanatosha: mmoja kwenye kumbukumbu za seva, mmoja kwenye simu na mlipaji. Wasiwashe upya chochote kabla ya 09:00, saa tatu asubuhi. Watafute tarehe zenye 1901 na 1970 kwenye rekodi zilizoandikwa tangu 06:14, na wahesabu NULL. Safu ya zamani ibaki mahali pake, ikisomwa tu bila kuandikwa, mpaka mizunguko miwili ilipwe na malalamiko ya machifu yafungwe. Baada ya hapo ifutwe, nakala rudufu ikiwa imeshajaribiwa kurejeshwa.